Nyumba Isiyopigwa X

Sinunui magadi. Juzi sokoni Kikatiti mama mmoja aliyetandaza mabonge yake juu ya kiroba alimega kipande akaniwekea kiganjani, kama wanavyofanya wauzaji wote. "Lamba uone, dada. Hii ni ya ziwani kwenyewe, haijachanganywa na kitu." Nilisimama na kile kipande mpaka akaanza kunitazama vibaya. Nikamrudishia, nikanunua nyanya zake ambazo sikuzihitaji ili asione nimemdharau, nikaondoka. Maharage yangu huchemka saa tatu nzima, kama ya mtu aliyeanza kupika jana. Wageni wakinicheka nawaacha wacheke.

Mama alifariki mwaka juzi bila kujua kwa nini sinunui magadi, na tangu hapo habari hii imekuwa ikinizunguka. Basi niiseme.

Ninyi wa rika langu mliokulia mjini Arusha hamhitaji kufundishwa X ni nini. Watu wanakuja na kopo la rangi nyekundu, wanapiga mistari miwili ukutani, wanaondoka bila kukaribishwa maji. Baada ya hapo ni kusubiri tingatinga. Nyumba yetu ya kwanza ilikuwa jirani na barabara, na ilipigwa X nikiwa darasa la kwanza. Nakumbuka nilikunywa uji nimesimama uani huku mabati yakishushwa, na nakumbuka Mama akitembea na mlango kichwani. Mlango mzima, na kitasa chake. Alisema ukuta wachukue, lakini mlango ule aliununua kwa ndizi zake mwenyewe. Baba alikuwa Mererani akitafuta tanzanite. Tulimzoea kama mtu anavyozoea mvua za vuli, akija amekuja.

Mama akapata kiwanja kingine, upande wa Daraja Mbili, nyuma ya kiwanda kilichofungwa. Kilikuwa cha bei nafuu kuliko vyote alivyoonyeshwa, na hakuna aliyejiuliza kwa nini. Wakati kiwanda kinafanya kazi kilikuwa kinapasua betri kuukuu za magari na kuyeyusha madini ya risasi yaliyomo. Sisi tulikuta bomba la moshi lisilotoa moshi, ukuta mrefu wenye nyufa, na maboksi meusi ya betri ambayo kila nyumba ya mtaa ilikuwa nayo moja au mawili. Watu waliyapandia sukuma wiki, wengine waliyakalia wakiosha vyombo. Mvua ikinyesha, harufu ya pale ilikuwa kama ukiweka sarafu mdomoni. Siku isiyo na mawingu uliuona mlima Meru nyuma ya lile bomba, na mimi nilidhani bomba ndilo refu zaidi.

Kisha babu akafariki kule Oldonyo Sambu, na Koko akaja kukaa nasi. Koko ni bibi, mama yake baba. Alishuka kwenye gari la mizigo na mbuzi wanne na blanketi mbili, akakagua uwanja wetu, akasema mbuzi watakaa hapa na yeye atalala chumba kilicho karibu nao. Hakuuliza.

Hapa lazima nieleze jambo, maana ndilo lililotufikisha tulipofika. Koko alikuwa Mwarusha, lugha yake Kimaasai, na Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu na bei ya mbuzi. Mama alikuwa Mchaga wa Machame, na Kimaasai hakukijua. Wakwe hao wawili walikaa nyumba moja kwa adabu kubwa na bila maneno, na yakihitajika maneno nilikuwa naitwa mimi, niliyezijua lugha zote mbili. "Mwambie bibi yako chai iko mezani." "Mwambie mama yako kuni hizi ni mbichi." Nilikuwa na miaka tisa na kila jambo zito la nyumba ile lilipita mdomoni mwangu kwanza. Mara nyingine nililipunguza makali, mara nyingine nililiongeza chumvi. Hakuna aliyewahi kunigundua, na mtoto akishajua hawezi kugundulika, hapo ndipo shughuli inapoanza.

Koko alilalamika kwamba mbuzi wa mjini hawana chumvi. Kwao mbuzi hulambishwa magadi, na hata makande hayapikwi bila magadi, la sivyo mahindi yanakataa kuiva. Ya sokoni alisema yametiwa majivu. Mimi ndiye niliyeuona ukuta. Baada ya mvua, upande wa chini wa ukuta wa kiwanda ulitoa unga mweupe, mwingi, unaokwaruzika kwa kijiko. Nikajaza kopo la mafuta ya kupikia, nikampelekea.

Koko aliweka kidogo ulimini, akafumba macho.

"Hii si ya kwetu," akasema, "lakini ni ndugu yake."

Akaniwekea mkono kichwani, akanibariki kwa maneno ambayo hubarikiwa mtu aliyerudisha ng'ombe waliopotea. Koko hakuwa mtu wa kusifu. Mimi, mtoto niliyezoea kuitwa kutafsiri habari za kuni mbichi, nilijisikia kama nimefanya harusi. Kila Jumamosi nikawa nakwenda ukutani na kijiko changu. Mbuzi walilamba kwenye boksi la betri tulilowakatia kuwa hori. Sisi tuliutia kwenye makande. Mama, aliyekuwa akiondoka alfajiri kwenda sokoni kuuza ndizi na kurudi jioni, alijua Koko ana magadi yake na akadhani yametoka Oldonyo Sambu. Hakuuliza, na angeuliza angeniuliza mimi.

Na alikuwepo Eli, mdogo wangu. Elibariki, miaka minne, mtoto mwenye maneno mengi kuliko kimo chake. Aliamkia kila mtu aliyepita, hata mbuzi aliwapa shikamoo. Jina la kila mbuzi alilijua, na nani hunywa kabla ya nani. Sala ya Baba Yetu aliisema yote bila kurudia, kwa Kiswahili na kwa Kimaasai, na Jumapili mwalimu wa watoto alimsimamisha juu ya benchi ili wakubwa wamsikie. Mama alikuwa anasema huyu ndiye atakayetutoa. Alimaanisha kututoa pale, mtaani, nyuma ya ule ukuta. Eli alikuwa akichuchumaa horini pamoja na mbuzi na kulamba, maana ule unga ulikuwa na utamu fulani chini ya chumvi. Koko alicheka mpaka akashika mbavu. "Mtoto wa mfugaji huyu," alisema. Mimi nilikuwa namwongezea.

Mbuzi wa kwanza alianza kuzunguka. Alizunguka kushoto tu, asubuhi mpaka jioni, akakanyaga duara kwenye vumbi la uani. Koko alimtazama akasema ni ormilo. Nyie wa kule mnaijua: mbuzi anapata kifuko cha maji kichwani, anazunguka mpaka anaanguka. Ukitoka kijijini na macho ya kijijini, mbuzi akizunguka huulizi mara mbili. Akamchinja, akatupa kichwa, tukala nyama. Wa pili hakuzunguka. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye ukuta wa nyumba, akaweka paji la uso pale, akasimama akisukuma. Macho yalikuwa wazi na hayaoni. "Ormilo," akasema Koko, ila safari hii alikaa muda mrefu akimwangalia kabla ya kuomba kisu.

Siku hizo hizo Eli akaanza kushika tumbo. Minyoo, tulisema, na Mama akamnunulia dawa ya minyoo. Akawa halali usiku, analala mchana. Aliacha kuamkia watu. Jumapili moja alisimamishwa juu ya benchi, akaanza Baba Yetu, akafika katikati akanyamaza, akanitafuta kwa macho kati ya watu kama mtu aliyeshushwa kituo asichokijua. Watu wakampigia makofi hata hivyo. Mimi niliona haya kwa ajili yake.

Kisha likapita gari la kipaza sauti. Lilisema kiwanda kitasafishwa, lilisema udongo una sumu, lilisema wananchi watoe ushirikiano. Kesho yake wakaja watu waliovaa mavazi meupe kuanzia kichwani hadi miguuni, barakoa usoni, mabuti. Walitembea polepole ndani ya kiwanda wakichomeka vibendera vidogo ardhini, na kila walipochomeka kimoja walipiga picha. Hawakuzungumza wao kwa wao. Tuliwachungulia kwenye nyufa, na watoto wengine wakasema wanatafuta maiti. Nililiamini hilo kwa siku mbili, na si kwamba lilikuwa mbali sana na kweli.

Siku ya tatu wakatoka nje ya ukuta na kuingia mtaani. Mbele alikuwa mwenyekiti wa mtaa, nyuma yake dada mmoja mwenye karatasi, na nyuma yao kijana amebeba kopo la rangi nyekundu na brashi.

Niliitambua ile rangi. Nikawafuata kwa mbali mpaka kwa jirani yetu Mama Gifti. Dada akamuuliza kama amewahi kuchukua kitu kiwandani. Mama Gifti, mwanamke mkweli mpaka anaudhi, akasema ndiyo, maboksi manne na mchanga wa kukandika jikoni. Dada akaandika. Yule kijana akachovya brashi, akapiga X kwenye ukuta wa Mama Gifti, kubwa, rangi ikachuruzika.

Mwenye macho haambiwi tazama. Nilikuwa nimeona yote niliyohitaji kuona: ukikubali, wanakubomolea.

Nilikimbia nyumbani. Kopo na unga wake nikavitupa chooni. Hori nikalivunja kwa jiwe, nikafukia vipande kwenye samadi. Nikamkuta Eli amelala kivulini, nikamsugua mdomo kwa kanga yenye maji mpaka akalia. "Wakikuuliza, nyamaza," nikamwambia. "Wamekuja kuchukua nyumba." Koko alikuwa amekaa mlangoni akisuka kamba, akaniuliza kwa nini napumua hivyo. Nikasema nilikuwa nacheza.

Wakafika. Yule dada alikuwa na adabu nzuri, sitamsingizia. Alishusha barakoa ili Koko amwone uso, akachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Hilo Koko alilijua.

"Bibi, tunauliza kama hapa nyumbani kuna mtu amechukua kitu chochote kule kiwandani. Maboksi, udongo, chochote. Hatumkamati mtu."

Nikamtafsiria Koko sawasawa, neno kwa neno. Mpaka hapo nilikuwa bado mkweli.

Koko akafurahi kuulizwa. Akanyoosha mgongo, akasema kwa Kimaasai, "Mwambie huyu mtoto wa watu kwamba mjukuu wangu ana macho. Ameniletea chumvi ya kwenye ukuta wao. Mbuzi wanaipenda, na sisi tunaipikia, na huyu mdogo anailamba kama asali. Mwambie nashukuru. Na umuulize, wakimaliza kazi yao, watuachie ule ukuta."

"Anasemaje?" dada akaniuliza, kalamu tayari.

"Anasema hatujachukua kitu. Anasema yeye ni mgeni, hata kiwanda chenyewe hakijui."

Dada akanitazama. "Mbona amesema maneno mengi kuliko hayo?"

"Ndivyo Kimaasai kilivyo," nikasema.

Kijana wa rangi akacheka. Koko naye akacheka, akidhani ombi lake limepokelewa. Dada hakucheka. Alikuwa anamtazama Eli, aliyekuwa amejikunja kwenye gunia akiwa ameshika tumbo.

"Huyu anaumwa?"

"Minyoo. Ameshapewa dawa."

Akanyoosha mkono kama anayetaka kumfungua jicho amwangalie, kisha akaurudisha. "Mama yuko wapi?"

"Sokoni."

Akaandika, akainuka, akamuaga Koko kwa heshima. Kijana akapita mbele ya ukuta wetu na brashi inayodondosha matone mekundu chini, asisimame. Niliwasindikiza kwa macho mpaka kona. Sijawahi, kabla wala baada ya hapo, kujisikia shujaa kama nilivyojisikia saa ile. Jioni Mama alirudi ameshasikia habari sokoni, akaniuliza kama walifika. Nikamwambia walifika, na Koko aliwaambia hatujachukua kitu. Mama akashusha pumzi. Kesho yake alipita mwenyewe ofisi ya mtaa, akawaambia vilevile, kwa kuniamini.

Wenye X walihamishwa wiki ile. Walikwenda na magodoro yao, na mimi nilisimama mlangoni, ule mlango wa Mama, nikiwahurumia. Nikasubiri tingatinga. Lilikuja, na kijiko kikubwa cha kuchimbia. Likaingia uwanjani kwa Mama Gifti. Likachota udongo, likachota tena, mpaka pakawa shimo kuizunguka nyumba, na wale wa mavazi meupe wakaingia ndani na mashine za kunyonya vumbi. Nikasubiri lifike kwenye ukuta wa nyumba. Halikufika. Yakaja malori ya udongo mpya mwekundu, wakajaza shimo, wakamwagilia, wakashindilia. Nyumba ya Mama Gifti ilisimama pale pale na X yake, na baada ya siku chache mtu akaja akaifuta.

Gifti mwenyewe, tuliyekuwa naye darasa moja, alirudi kutoka hospitali amenenepa. Aliniambia walimtoa damu kidoleni, wakasema sumu imepanda, wakamlaza, wakampa dawa, na maziwa kila siku. "Walitupima wote wenye X," akasema. "Nyie zamu yenu baadaye." Zamu ya wasio na X haikufika. Mabati ya uzio yakawekwa, kazi ikaisha, wale watu wakaondoka.

Nilijua. Nataka hili lieleweke, kwa sababu watu husema mtoto hajui. Nilipomsikiliza Gifti nilielewa X ilikuwa nini, na nilielewa nimeikinga nyumba yetu na kitu gani. Ningeweza kumwambia Mama usiku ule. Lakini ningesema nini? Kwamba nimemtia Koko uongo mdomoni? Niliogopa fimbo, na zaidi ya fimbo niliogopa uso wa Koko. Nikajiambia chumvi imekwisha, ukuta wa kiwanda wameubomoa, Eli atapona mwenyewe. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema. Hawakusema inakuwaje ukificha ya mwenzako.

Tumbo lake lilipoa kweli. Yaliyobaki hayakupoa. Darasa la kwanza alirudia mara tatu. Herufi alizojifunza jana, asubuhi zilikuwa wageni kwake. Mwalimu aliyemsimamisha juu ya benchi alimwita mzembe, na Mama alimchapa, akafunga na kuomba, akampeleka kwa waombeaji. Koko alianza kutetemeka mikono, akaacha kusuka kamba, akafariki katika usingizi, na ikasemwa ni uzee. Huenda ulikuwa uzee. Mimi niliendelea na shule, nikajifunza cherehani, nina chumba changu cha kushonea sare za wanafunzi. Kwa nini mimi niko hivi na Eli yuko vile, sijui. Mimi sikuwa mpenda kulamba.

Mama alipofariki Eli akahamia kwangu. Nilimpeleka kwa daktari, nikaeleza yote kwa mara ya kwanza, kwa mtu nisiyemjua. Daktari alisikiliza. Akasema baada ya miaka mingi kiasi hiki hakuna kipimo cha kuthibitisha ni nini kilifanya nini. Akasema pia kwamba ingekuwa wakati ule, dawa zilikuwepo, ila zina wakati wake. Eli alikuwa nje kwenye benchi akimwamkia kila muuguzi aliyepita.

Basi nikamwambia Eli mwenyewe. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Nilimweleza pole pole, ukuta, kijiko, Koko, yule dada, maneno niliyoyabadilisha. Alisikiliza mpaka mwisho amekunja mikono mapajani.

"Ulikuwa na miaka mingapi?" akauliza.

"Tisa."

"Tisa ni mdogo, dada. Ulikuwa unatulinda. Usilie."

Akanifuta machozi kwa kiganja chake. Nililala usiku ule kama sijawahi kulala. Asubuhi akaniuliza mbona macho yamenivimba. Nikadhani ananitania. Nikamwambia tena yote, akashtuka upya, akauliza miaka yangu, akanisamehe. Baada ya wiki nikajaribu tena, kwa sababu niliutaka ule msamaha, naona aibu kusema, kama mlevi anavyotaka kilabu. Akanisamehe mara ya tatu.

Mara ya nne hakuuliza nilikuwa na miaka mingapi. Aliiangalia mikono yake, akasema, "Kwa hiyo isingekuwa hivyo, dada, mimi ningekuwa nani?"

Kesho yake alikuwa amelisahau swali lake. Simwambii tena.